Laptopu haioni wifi ya nyumbani? Anza hapa kabla hujaipeleka kwa fundi

Simu yangu ikilia jioni baada ya stima kurudi huwa nshajua ni nini. Simu zote za nyumba zimeshika wifi, TV imeshika, laptopu peke yake ndo haioni kitu, na mtoto ana kazi ya shule ya kutuma kabla ya saa sita usiku au mtu ana mkutano asubuhi. Bas presha inapanda, kesho yake laptopu yatiwa kwenye begi inapandishwa matatu hadi mjini, ikifunguliwa tu mwenyewe aambiwa kadi ya wifi, kile kipande cha ndani kinachoshika wifi, imeungua, lete pesa. Mimi nasema ngoja kwanza. Kadi za wifi haziungui ovyo ovyo, na katika laptopu nilizoletewa nyingi kadi ilikuwa nzima kabisa, shida ilikuwa pahali pengine na mwenyewe angeimaliza pale pale mezani kwake bila kutoa hata shilingi. Inaniuma sana mtu akitoa pesa ya karo kwa kitu ambacho kilikuwa chataka kubonyezwa mara moja tu.

Kwa hivyo naandika vile mimi huenda, kutoka lile jepesi mpaka lile la kushika bisibisi. Sana sana nazungumzia Windows 10 na 11 manake ndo ziko majumbani mwetu. Mwenye Linux nimemtengea pahali pake huko mbele.

Haioni, haishiki, au haina intaneti?

Hapa ndo wengi huchanganya, na ukichanganya hapa utahangaika usiku kucha. Kuna jina la wifi kutoonekana kabisa kwenye orodha. Kuna jina kuonekana lakini laptopu ikakataa kuunga. Alafu kuna kuunga vizuri lakini kurasa hazifunguki. Haya ni magonjwa matatu mbali mbali na mimi hapa nashughulika na lile la kwanza.

Lile la tatu nilitaje kidogo kwa sababu Mombasa tunalijua. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, na Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika intaneti ilikuwa yajikokota Afrika Mashariki yote. Lakini hata siku zile jina la wifi yako lilikuwa palepale kwenye orodha, kwa sababu jina latoka kwenye rauta iliyo sebuleni kwako, halihusiani na bahari wala na bili. Hata usipolipa miezi mitatu jina litaonekana tu. Kwa hivyo kama jina HALIONEKANI, usipoteze wakati kupigia kampuni ya intaneti simu, shida iko kati ya rauta na laptopu.

Swali moja linalogawanya kazi nusu kwa nusu

Bonyeza alama ya wifi pale chini kulia kwenye skrini, fungua orodha, ngoja kama nusu dakika ijijaze. Sa uliza: je, laptopu yaona wifi za majirani?

Ukikaa flati za Tudor au Bamburi au Kisauni utaona majina kumi na zaidi bila shida. Kama orodha imejaa majina ya watu ila la kwako tu, laptopu haijafa, kadi inasikia vizuri, kuna jambo baina yake na rauta yako. Ruka moja kwa moja hadi pale palipoandikwa "Yaona za majirani zote ila ya kwako". Kama orodha ni tupu, hamna hata jina moja, au alama ya wifi yenyewe haipo, basi shida iko ndani ya laptopu. Kama jina laja ukisogea karibu na rauta alafu lapotea ukirudi chumbani, shika hilo pia kwa sababu lina maana yake.

Kama unakaa pahali hakuna majirani wenye wifi, washa hotspot kwenye simu na uiweke kando ya laptopu. Ikiiona hotspot, kadi iko hai. Jaribio hili ni la dakika moja na ndo la maana kuliko yote katika mwongozo huu wote, lifanye kabla hujagusa kitu chochote.

Na kama simu nayo haioni wifi yako, achana na laptopu kabisa, nenda kwa rauta. Stima ikirudi mpe rauta dakika mbili tatu iamke, usianze kubonyeza bonyeza. Angalia taa ya wifi, mara nyingi imeandikwa WLAN au ina alama ya mawimbi, kama haiwaki basi nyuma au ubavuni kuna kitufe kidogo cha kuzima na kuwasha wifi, na watoto hukibonyeza wakati wa kucheza au mtu anakibonyeza akifagia vumbi. Zima rauta ukutani, hesabu nusu dakika, washa. Lakini kile kitundu kidogo kinachotaka pini, kilichoandikwa RESET, USIKIGUSE. Kile hakizimi na kuwasha, kile kinafuta kila kitu, na kwa wenye fiber kinaweza kufuta mpaka maelezo ya kampuni yako, hapo utakaa bila intaneti mpaka wao wakurudishie. Nimeona mtu kafanya hivo Ijumaa jioni akakaa hadi Jumatatu.

Laptopu haioni wifi yoyote

Anza na la aibu ndogo, hali ya ndege. Bonyeza alama ya wifi uangalie kama kile kidude cha ndege kimewashwa. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye alama ya ndege au ya antena, kwa HP nyingi ni F12, kwa nyingine ni F2, F7 au F8, zengine zataka ushike Fn pamoja nacho. HP nyingi kitufe hicho kina taa, ikiwa rangi ya chungwa wifi imezimwa, ikiwa nyeupe au buluu iko sawa. Alafu zile za zamani za ofisini ambazo huuzwa sana mitumba, ThinkPad na Latitude, kuna swichi ya kusukuma kwa kidole, iko mbele au ubavuni, ndogo hata huioni, na ikiingia kwenye begi yajisukuma yenyewe. Ipapase kwa kidole ukingoni mwote. Hakuna programu itakayowasha wifi kama swichi hio imezimwa kwa mkono.

Pili, "Restart", sio "Shut down". Hili watu hawaamini mpaka waone. Windows ikiwa imewashwa kile kinachoitwa Fast Startup, ukiizima haizimiki kabisa, inaweka sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hivyo draiva, ile programu inayoendesha kadi, ikiwa imegoma leo, unaizima, unalala, unaiwasha asubuhi, na inarudi na ugonjwa uleule. Restart ndo huanza upya kutoka sifuri. Kama Restart haijasaidia, izime, chomoa chaja, kama batri ni ya kutoka itoe, shika kitufe cha kuwashia sekunde 30 bila kuachilia, rudisha, washa. Hio yamaliza umeme uliobaki kwenye bodi, na kadi iliyokwama mara nyingi huamka hapo, hasa kama stima ilikuwa yapotea na kurudi mara tatu mara nne kama vile huwa wakati wa mvua.

Tatu ndo kuangalia kama laptopu inaijua kadi yake. Shika kitufe cha Windows na X pamoja, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters". Hapo utafute mstari wenye neno Wireless, Wi-Fi au 802.11, mara nyingi na jina Intel, Realtek, Qualcomm, Broadcom au MediaTek. Unachokiona hapo ndo majibu.

Ukiona kimshale kidogo chaelekea chini juu ya jina, kadi imezimwa tu. Bofya kulia, "Enable device", umemaliza.

Ukiona pembetatu ya manjano, draiva imeharibika. Bofya kulia, "Uninstall device", lakini kale kasanduku ka kufuta draiva kabisa usikatie tiki, alafu Restart, Windows itaipachika yenyewe upya. Kama shida ilianza siku ile ile Windows ilipojisasisha, ingia "Properties", kichupo cha "Driver", bonyeza "Roll Back Driver" irudi kwa ile ya zamani. Na ikiwa yataka draiva mpya, sa watu huniuliza, nitashusha vipi draiva na sina wifi? Chukua waya wa USB wa simu, wa data sio wa kuchaji tu, unganisha simu na laptopu, ingia mipangilio ya simu pale pa hotspot washa tethering ya USB. Laptopu itapata intaneti kupitia waya kutoka kwa bando la simu. Au kama uko na waya wa LAN chomeka moja kwa moja kwenye rauta. Shusha draiva kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa jina na namba ya modeli iliyo chini ya laptopu. Zile programu za "kutafuta draiva zote bure" ziepuke kama ugonjwa, zaleta matangazo na balaa zengine.

Na kama jina la kadi halipo kabisa, hata ukibonyeza "View" na "Show hidden devices", basi laptopu haiioni kadi. Zima, washa, ingia BIOS, ile mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kabla Windows haijaanza, kwa HP ni F10, Dell F2, Lenovo ni F1 au F2, uangalie kama kuna mstari wa Wireless umezimwa. Ikiwa uko sawa huko, kadi imelegea au kweli imekufa, twende kwa bisibisi chini huko.

Kuna kesi moja nyingine, kadi iko sawa kwenye Device Manager na bado orodha ni tupu. Shika Windows na R, andika services.msc, tafuta "WLAN AutoConfig". Lazima iwe "Running" na "Automatic". Hio ndo huduma ya Windows inayotafuta wifi, ikisimama laptopu inakuwa kiziwi hata kadi ikiwa nzima. Programu zengine za "kuongeza kasi ya kompyuta" huizima. Ibofye kulia, "Start", na kwenye Properties uiweke Automatic.

Na kama wifi yapotea ukiiacha laptopu kidogo alafu ukiirudia haipo, rudi Device Manager, Properties ya kadi, kichupo cha "Power Management", toa tiki kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho kuokoa umeme. Sio laptopu zote ziko na kichupo hicho.

Linux: fungua teminali andika rfkill list. Ikisema "Soft blocked: yes" andika sudo rfkill unblock all. Ikisema "Hard blocked: yes" ni ile swichi ya kidole au kitufe cha kibodi. nmcli dev wifi list itakuonyesha majina na chaneli zao. Kama kadi ni Broadcom na umetoka kuweka Ubuntu, karibu hakika ni draiva haijawekwa, chukua simu fanya tethering na uiweke kutoka "Additional Drivers".

Yaona za majirani zote ila ya kwako

Hii ndo inayowafanya watu wafikirie wamerogwa, na ndo ninayoipenda kuieleza kwa sababu mafundi wengi huibadilisha kadi bure.

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Binti yake alitumiwa laptopu kutoka Marekani, imefanya kazi mwaka mzima bila shida. Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, laptopu ikawa haioni wifi ya nyumba. Simu zaona, TV yaona. Wakaipeleka duka fulani mjini wakaambiwa kadi imekufa, na bei wakatajiwa. Shangazi akanipigia. Nikafika, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mwanangu, hebu njoo utuangalilie hii, mtoto halali." Nikakaa barazani ndani, nikafungua orodha, naona wifi saba za mtaa. Saba! Kadi iliyokufa haioni saba.

Nikachukua simu yangu ya Android yenye ile programu ya kupima wifi, WiFi Analyzer, ipo bure, yaonyesha kila jina liko chaneli gani. Wifi ya shangazi ilikuwa imekaa chaneli ya 13.

Sa nieleze. Wifi ya 2.4 GHz imegawanywa vipande vipande vinavyoitwa chaneli, nchi nyingi chaneli 1 hadi 13 zaruhusiwa. Marekani wao kwa kawaida hutumia 1 hadi 11. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kadi zake hazisikizi 12 wala 13, kwake yeye hizo chaneli hazipo duniani. Na rauta nyingi zikiwekwa "Auto" huchagua chaneli upya kila zikiwaka, yaangalia wapi hakuna msongamano ikakae hapo. Mtaa umejaa wifi kwenye 1, 6 na 11, rauta ikaamka baada ya stima kurudi ikaona 13 ni tupu, ikahamia huko. Simu zilizouzwa huku kwetu zaona 13, laptopu ya Marekani haioni. Hakuna kilichoharibika.

Dawa yake: kwa simu iliyoshika wifi, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika chini ya rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au 192.168.100.1, ingia na jina na nywila zilizo kwenye stika hio hio. Tafuta Wireless au WLAN, upande wa 2.4, pale penye Channel toa Auto uweke 1, 6 au 11, ile ambayo WiFi Analyzer inaonyesha ina watu wachache. Hifadhi. Nilivyobonyeza Save pale Kibokoni rauta ilikata kama sekunde kumi hivi, alafu jina likatokea kwenye laptopu, la tatu kutoka juu, na binti akapiga kelele mpaka shangazi akaja mbio na mwiko mkononi.

Kwa hivyo wewe wa laptopu ya mitumba, hasa yenye kibodi na stika za Marekani, hili lianze kuliangalia.

La pili katika kundi hili ni 5 GHz. Rauta mpya hurusha wifi mbili, ya 2.4 na ya 5, wakati mwengine kwa jina moja, na fundi wa kampuni akija kuunga anaweza kuzima 2.4 ati ni ya polepole. Laptopu za zamani nyingi ni za 2.4 peke yake. Kujua ya kwako, fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11a au 802.11ac ndani yake, yaona 5. Ukiona b, g na n peke yake, ni ya 2.4, na rauta lazima iwe imewasha 2.4. Mimi nashauri majina mawili tofauti, nyumbani na nyumbani5, utajua kila kifaa kiko wapi.

Kwenye 5 GHz pia kuna chaneli ambazo rada nazo huzitumia, kutoka 52 hadi 144. Huko rauta yatakiwa isikilize kwanza dakika moja au zaidi kabla ya kurusha, na ikihisi rada yatakiwa ihame. Ndo maana wakati mwengine nyumbani5 yatoweka ghafla. Weka 36, 40, 44 au 48, hizo zatulia.

La tatu, umebadilishiwa rauta juzi, umepewa ile mpya ya Wi-Fi 6, kizazi kipya cha wifi, na laptopu yako ya kama miaka minane haioni kitu hapo. Kuna kadi za Intel za zamani, mfano 7260, 7265, 3160, ambazo zikiwa na draiva ya kale hazionyeshi wifi ya Wi-Fi 6 kwenye orodha, Intel wenyewe wamelieleza hilo na suluhu yake ni kuweka draiva mpya. Kama huwezi kusasisha, ingia kwenye rauta, pale pa Mode upande wa 2.4 chagua b/g/n badala ya ile yenye ax, manake ax ndo hio Wi-Fi 6. Usinunue laptopu mpya kwa hilo!

La mwisho ni jina kufichwa. Mtu kamwambia fundi aifiche wifi ili majirani wasiibe, sa yeye mwenyewe akibadilisha laptopu haioni. Kwenye orodha kuna "Hidden Network", bonyeza uandike jina lenyewe herufi kwa herufi, kubwa na ndogo ziwe sawa. Lakini kuficha jina hakuzuii mwizi hata kidogo, nywila ndefu ndo yazuia. Ifichue tu.

Ikiwa yote haya hayakushika, kuna kufuta mipangilio yote ya mtandao. Windows 11 ingia Settings, "Network & internet", "Advanced network settings", "Network reset". Windows 10 iko chini kabisa pale kwenye "Status". Hii itafuta wifi zote ulizohifadhi na nywila zake, kwa hivyo piga picha stika ya rauta kwanza. Mimi huiacha mwisho, watu wengi huanza nayo na wakapoteza nywila za kazini bure.

Yaona ukiwa karibu na rauta tu

Kama uko Mji wa Kale kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zile ni nene, wifi ya sebuleni kufika chumba cha tatu ni bahati. Kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji, friji, zote zakula mawimbi. Toa rauta kwenye pembe nyuma ya TV, ipandishe juu, iweke katikati ya nyumba. Upande wa 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko 5.

Lakini kama simu ikiwa kitanda kile kile yaona wifi na laptopu haioni mpaka uibebe uiweke kando ya rauta kabisa, hio ni antena. Kadi ya wifi ndani ya laptopu ina waya mbili nyembamba, kawaida mmoja mweusi na mmoja mweupe, zapanda mpaka juu kwenye kioo, ndo antena. Zimeshikishwa kwenye kadi kwa vikofia vidogo vya duara, vidogo kuliko punje ya mchele. Kikofia kikichomoka kadi bado yasikia, lakini ni kama mtu aliyeziba masikio, yasikia anayemwongelea karibu tu.

Laptopu yangu mwenyewe ilifanya hivi nilipokuwa nakaa Likoni karibu na bahari. Nikaizima, nikachomoa chaja, nikafungua skrubu za chini, cha kwanza nikachomoa batri kwenye bodi. Kadi ilikuwa pale kwa kona. Waya mweusi ulikuwa umeinuka, na kile kitufe cha dhahabu kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeshika kijani kama senti ya zamani. Hio ni hewa yetu ya chumvi. Nikachukua pamba ya masikio, nikaichovya kwenye spiriti safi ya isopropili, nikafuta polepole mpaka dhahabu ikarudi, nikangoja ikauke. Alafu unakilenga kikofia sawasawa juu ya kitufe, unabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba wima, usikiburute, mpaka usikie "tik". Ukisikia tik imeingia. Nikatoa na kadi yenyewe, ina skrubu moja, nikairudisha ikakaa vizuri. Tangu siku hio yaona wifi mpaka barabarani.

Kama laptopu iko na waranti usifungue. Kama mikono yakutetemeka usifungue, mpe fundi, lakini mwambie afanye hili kwanza.

Kama kweli kadi imekufa

Inatokea. Njia rahisi kuliko zote ni adapta ndogo ya wifi ya USB, unachomeka umemaliza, hakuna kufungua kitu. Chagua iliyo na bendi mbili, 2.4 na 5, na uulize kama yafanya kazi na Windows yako bila kutafuta draiva kwanza, manake nyengine zaja na sidii na laptopu za siku hizi hazina pa kutia sidii.

Ukitaka kubadilisha kadi ya ndani, angalia kwanza modeli ya laptopu. ThinkPad na HP kadhaa za zamani zilifungwa kwenye BIOS zisikubali kadi isiyo kwenye orodha yao, ThinkPad itakwama ikiwaka na kukuonyesha kosa la 1802, na kadi umeshanunua. Pia angalia umbo, zile ndefu ndefu za zamani na zile fupi za M.2 haziingiliani.

Na ukienda kwa fundi, usimwambie "wifi haishiki" ukanyamaza. Andika kwenye karatasi uende nayo: kama Device Manager yaonyesha kadi au haionyeshi, kama yaona hotspot ya simu, kama yaona za majirani, kama yaona karibu na rauta tu, rauta iko chaneli gani, na shida ilianza baada ya nini. Mwambie awashe hotspot ya simu yake mbele yako kabla hajashika bisibisi. Ikionekana kwenye laptopu pale pale kauntani, chukua laptopu yako urudi nyumbani ukaitazame chaneli.